Mandela: Jina la mkombozi lilivyogeuzwa bidhaa na silaha ya kampeni

KWA zaidi ya robo karne, gazeti lolote la Afrika Kusini lililothubutu kuchapisha picha ya Nelson Mandela au kunukuu maneno yake lilijitia katika hatari ya kushtakiwa. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikusudia kumfuta katika kumbukumbu za watu, ili hata watoto waliozaliwa baada ya kufungwa kwake wasiijue sura yake. Alipotoka gerezani Februari 11, 1990, wengi wa waliofurika kumlaki hawakujua mtu waliyemsubiri alifanana vipi.

Hali ya sasa ni kinyume kabisa. Tangu Novemba 2012, sura iliyokatazwa imo katika noti za randi, kuanzia ya 10 hadi ya 200, hivi kwamba ni vigumu mtu kununua mkate na maziwa bila Mandela kupita mkononi mwake. Imo katika fulana, vikombe na mabango. Jina lake limepewa barabara, madaraja, shule, vyuo, uwanja wa maduka ya kifahari, mvinyo na hata hoteli. Wanasiasa wanaohasimiana vikali wamesimama majukwaani, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye mwanafunzi wake wa kweli.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Hata hivyo, taa ing'aayo huwavutia na wadudu. Makala haya yanaangazia jinsi urithi wa kiongozi huyo aliyeaga dunia Desemba 5, 2013 ulivyogombewa na chama chake, wapinzani wake, jamaa zake na wafanyabiashara, na ni kitu gani kilichopotea katika kinyang'anyiro hicho.

MAJINA MANNE, MTU MMOJA

Mandela alizaliwa Julai 18, 1918 kijijini Mvezo, katika eneo lililoitwa Transkei, akapewa jina Rolihlahla. Jina Nelson alipewa na mwalimu wake alipoanza shule. Madiba ni jina la ukoo wake miongoni mwa Wathembu, na kumwita hivyo ni kumwonyesha heshima na mapenzi. Jina la nne halikuwa jina bali nambari: 46664, yaani mfungwa wa 466 kupokewa katika gereza la kisiwa cha Robben mwaka 1964.

Ni watu wachache mno duniani ambao hata nambari yao ya jela imesajiliwa kuwa alama ya biashara. Wakfu wa Nelson Mandela, alioanzisha mwaka 1999 baada ya kuondoka madarakani, ulilazimika kuyawekea majina hayo ulinzi wa kisheria kwa sababu kila uchao alizuka mtu mwingine wa kuyachuuza.

Lakini umaarufu huo haukujengwa na mtu mmoja. Mwanzoni mwa 1962, Mandela alitoroka nchini mwake kisiri, akafika Dar es Salaam na kukutana na Mwalimu Julius Nyerere, kabla ya kuzuru nchi kadhaa za Afrika kutafuta msaada kwa ajili ya Umkhonto we Sizwe, jeshi la ukombozi ambalo yeye alikuwa kamanda wake wa kwanza. Alikamatwa Agosti 5 mwaka huo. Baada ya kesi ya Rivonia, Juni 12, 1964, alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na wenzake saba, wakiwemo Walter Sisulu, Govan Mbeki na Ahmed Kathrada.

Viongozi wa chama cha African National Congress (ANC) waliokuwa uhamishoni chini ya Oliver Tambo ndio walioamua kwa makusudi kumfanya mfungwa mmoja awe uso wa wafungwa wote. Kampeni hiyo ilienea kote ulimwenguni hadi ikafika Juni 1988, lilipoandaliwa tamasha kubwa la muziki katika uwanja wa Wembley, London, kuadhimisha miaka 70 ya mtu ambaye alikuwa bado kifungoni.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa mvutano. Kuna watoto waliokua bila baba, chama kilicholipandisha jina lake, mataifa ya Afrika yaliyowapa hifadhi wapiganaji wake, na mamilioni ya watu wa kawaida walioandamana kumtetea. Mgala muue na haki umpe: kila mmoja wao ana sehemu yake katika jina hilo. Tatizo lilizuka pale kila mmoja alipotaka liwe lake peke yake.

ALIIJUA THAMANI YAKE

Ni kosa kudhani kuwa Mandela hakutaka jina lake lihusishwe na fedha. Aliijua fika thamani yake, na aliitumia bila haya. Mwaka 1995, akiwa rais, alianzisha Hazina ya Watoto ya Nelson Mandela na kuichangia theluthi moja ya mshahara wake. Alikuwa na desturi ya kuwaita matajiri wakubwa, akawapeleka vijijini na kuwaomba wajenge shule au zahanati. Ni wachache waliopata ujasiri wa kumkatalia.

Novemba 2003, nambari yake ya jela ilitumiwa kuandaa tamasha mjini Cape Town la kuchangisha fedha na kuwaamsha watu kuhusu ukimwi. Wakati huo serikali ya mrithi wake, Thabo Mbeki, ilikuwa ikilaumiwa vikali kwa kujikokota kuwapa wagonjwa dawa za kupunguza makali ya virusi. Mnamo Januari 2005, mwanawe Makgatho alipofariki, Mandela aliwaita wanahabari na kutangaza waziwazi kuwa kilichomuua ni ukimwi. Katika nchi ambako familia nyingi zilikuwa zikificha ugonjwa huo, alilitumia jina lake, na msiba wake mwenyewe, kuwaondolea wengine aibu.

Kwa hivyo kipimo cha matumizi mema na mabaya ya jina la Mandela hakikuwa kamwe kuwepo au kutokuwepo kwa pesa. Swali lilikuwa: nani anafaidika, na je, linalosemwa kwa jina lake ni kweli?

Soko halikuwa na subira ya kujiuliza maswali hayo. Machi 2004, sanamu yake ya shaba yenye urefu wa mita sita ilizinduliwa katikati ya maduka ya fahari ya Sandton, Johannesburg, na uwanja uliokuwa ukiitwa Sandton Square ukabadilishwa jina kuwa Nelson Mandela Square. Watalii hupanga foleni kupigwa picha wakiwa wamesimama karibu na miguu ya sanamu hiyo, kisha wakaingia madukani. Kilomita chache kutoka hapo kuna Alexandra, mtaa wa mabanda ambamo Mandela alipanga chumba alipofika Johannesburg akiwa kijana maskini.

Mwaka 2005, Mandela mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 86, alilazimika kwenda mahakamani dhidi ya aliyekuwa wakili wake wa miaka mingi, akitaka kukomesha uuzaji wa michoro iliyobeba jina na sahihi yake. Mzee aliyewahi kushtakiwa na serikali kwa kutaka kuipindua sasa alikuwa mlalamishi, akiitetea sahihi yake.

Kisha kukaja mavazi yenye nembo ya 46664, yaliyozinduliwa mwaka 2011, huku sehemu ya mapato ikikusudiwa kusaidia kazi za hisani. Nambari ambayo makaburu walimpa ili kumnyang'anya utu wake ikawa inashonwa kwenye kola za mashati.

CHAMA NA WAPINZANI WAKE

Juni 2004 Mandela alitangaza kustaafu kutoka maisha ya hadharani, akawaomba watu wamwache apumzike. Wanasiasa hawakumpa nafasi hiyo.

Februari 2009, akiwa na umri wa miaka 90, alipelekwa kwenye mkutano wa kampeni wa ANC huko Idutywa, mkoa wa Eastern Cape. Aprili mwaka huohuo, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, aliletwa tena katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, kando ya mwaniaji wa chama, Jacob Zuma. Zuma alikuwa ametoka tu kufutiwa mashtaka ya ufisadi, na kila aliyetazama alielewa kwa nini mzee huyo alihitajika jukwaani.

Kilele cha mtindo huo kilifikiwa Aprili 29, 2013. Rais Zuma, akiandamana na naibu wake chamani Cyril Ramaphosa na mwenyekiti wa kitaifa wa chama Baleka Mbete, alimtembelea Mandela nyumbani kwake Houghton pamoja na kamera za televisheni ya taifa. Picha zilizopeperushwa zilionyesha mzee aliyekaa kimya kitini, uso umekauka, huku wageni wakicheka na kupiga picha. Zuma alisema mwenyeji wao alikuwa katika hali njema. Wananchi wengi walikasirika, wakasema huo ulikuwa ni unyanyasaji wa mgonjwa. Wiki sita baadaye, Mandela alilazwa hospitalini Pretoria kwa muda wa karibu miezi mitatu.

Wapinzani nao hawakuwa na mikono safi. Mwezi huohuo wa Aprili, chama cha Democratic Alliance (DA) kilitoa tangazo lenye picha ya Mandela akimkumbatia Helen Suzman, mbunge mzungu aliyepinga ubaguzi wa rangi bungeni kwa miaka mingi na kumtembelea katika kisiwa cha Robben. Urafiki wao ulikuwa wa kweli. Lakini Mandela hakuwahi kuwa mfuasi wa DA, naye Suzman alikuwa amefariki mwaka 2009. ANC kiliteta kwamba kiongozi wake ameibwa. Kwa maneno mengine, aliyemtoa mgonjwa mbele ya kamera alimshutumu aliyetoa picha yake sandukuni.

Mandela alipofariki, wafuasi wa ANC wenyewe walionyesha kuwa wanajua kutofautisha jina na mtu anayelitumia. Katika ibada ya kumbukumbu Desemba 10, 2013, mbele ya marais wa dunia nzima, umati ulimzomea Zuma. Nchi ilikuwa ikizungumzia mamilioni ya fedha za umma yaliyotumika kukarabati makazi yake ya kibinafsi Nkandla. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Mei 2014 chama kiliwahimiza wapigakura wakichague kwa ajili ya Madiba, na kikashinda kwa zaidi ya asilimia 62.

JAMAA NA MAKABURI

Kama wanasiasa waliutafuta uso wa Mandela, baadhi ya jamaa zake walilitafuta jina. Makaziwe, binti yake mkubwa, pamoja na bintiye Tukwini, walianzisha mvinyo wa House of Mandela mwaka 2010. Februari 2013, wajukuu wawili, Zaziwe na Swati, walionekana katika kipindi cha televisheni nchini Marekani kilichoonyesha maisha yao ya kila siku. Pia kulikuwa na mavazi yaliyopewa jina la kitabu cha maisha ya babu yao.

Walipolaumiwa, walijitetea kuwa Mandela ni jina la familia, na hakuna sababu ya watu baki kulichuma huku wenye damu wakikatazwa. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Mandela mwenyewe alikiri zaidi ya mara moja kuwa watoto wake ndio waliolipa gharama ya siasa zake. Makgatho na Makaziwe walikuwa wadogo alipofungwa. Zenani na Zindzi walikua wakimwona mama yao Winnie akikamatwa, akifungwa na kufukuziwa mji wa mbali.

Lakini mwaka 2013 ulionyesha mkondo huo ulivyoweza kufika mbali. Aprili, Makaziwe na Zenani walikwenda mahakamani wakitaka wakili George Bizos, Bally Chuene na Tokyo Sexwale waondolewe kwenye usimamizi wa kampuni mbili zilizoshika mapato ya kazi za sanaa za Mandela. Bizos alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea katika kesi ya Rivonia. Kesi hiyo iliondolewa Septemba, lakini wakati huo ulimwengu ulikuwa umeshasoma yote.

Lililoumiza zaidi lilihusu makaburi. Mwaka 2011, mjukuu wake Mandla, chifu wa Mvezo, alikuwa amefukua kwa siri mabaki ya watoto watatu wa Mandela waliozikwa Qunu na kuyahamishia Mvezo. Ilieleweka kuwa Mandela alitaka kuzikwa karibu na wanawe. Kwa hivyo palipokuwa na mabaki hayo ndipo lingekuwa kaburi lake, na ndipo mahujaji na watalii wangefika. Jamaa wengine 16 walimshtaki. Mapema Julai 2013, Mahakama Kuu ya Mthatha iliamuru mabaki yarejeshwe, na Julai 4 yakazikwa tena Qunu. Baba yao mwenyewe alikuwa hospitalini mahututi. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliisihi familia isilitie doa jina la Mandela.

KUFA KUFAANA

Mandela alizikwa Qunu Desemba 15, 2013. Waswahili husema kufa kufaana, na mazishi hayo yaliithibitisha methali hiyo kwa njia ya kusikitisha mno.

Desemba 2017, Mlinzi wa Umma, afisi ya kikatiba inayochunguza ubadhirifu serikalini, ilitoa ripoti kuhusu gharama za maziko hayo. Ilibainika kuwa takriban randi milioni 300 zilizokuwa zimetengewa maendeleo katika mkoa wa Eastern Cape zilielekezwa kwenye mazishi kinyume cha taratibu, na kwamba bei za bidhaa na huduma zilipandishwa kupita kiasi. Mkoa huo ni miongoni mwa mikoa maskini zaidi nchini, na ndimo alimozaliwa marehemu. Waliomlilia ndio walioibiwa.

Sanamu kubwa ya mita tisa ilizinduliwa mbele ya majengo ya serikali Pretoria siku moja baada ya mazishi. Januari 2014 iligunduliwa kuwa wachongaji walikuwa wamemchonga sungura mdogo na kumficha ndani ya sikio la sanamu hiyo, kama alama yao, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuitia sahihi. Waliagizwa kumtoa na wakaomba radhi. Kosa lao lilikuwa dogo. Wengi waliomsimamisha Mandela hadharani walikuwa wamemwekea chao sikioni. Tofauti ni kwamba wao hawakuagizwa kukitoa.

Wosia wake ulisomwa Februari 3, 2014. Mali yake ilikadiriwa kuwa randi milioni 46, nayo ikagawanywa kwa familia, wafanyakazi wake, shule na vyuo, huku ANC kikitengewa sehemu ya mrabaha wa vitabu vyake. Winnie, waliyetalikiana mwaka 1996, hakutajwa. Alidai nyumba ya Qunu kwa misingi ya mila na kushindwa mahakamani. Rufaa yake ilitupwa Januari 2018, miezi michache kabla ya kifo chake.

MAHAKAMA HUWEZA NINI?

Miaka kumi baada ya mazishi, kesi mbili zilidhihirisha mipaka ya sheria katika jambo hili.

Ya kwanza ilihusu vitu vyake. Kampuni moja ya New York ilitangaza mnada wa vitu vipatavyo 70, vikiwemo kitambulisho chake, miwani, kifaa cha kusaidia kusikia na mashati yake yenye maua. Makaziwe alisema mapato yangejenga bustani ya ukumbusho mahali alipozikwa baba yake. Shirika la kuhifadhi turathi za taifa lilipinga, likisema vitu hivyo ni mali ya historia ya nchi. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwa manufaa ya Makaziwe. Serikali ilikata rufaa, na mnada uliopangwa kufanyika Februari 2024 ukaahirishwa.

Ya pili ilihusu jina. Desemba 16, 2023, miaka 62 kamili tangu kuzinduliwa kwa Umkhonto we Sizwe, Zuma alitangaza kwamba hatakipigia ANC kura bali ataunga mkono chama kipya. Jina la chama hicho? uMkhonto weSizwe, yaani Mkuki wa Taifa. ANC kilikimbia mahakamani kikidai kuwa jina na nembo ni mali yake. Aprili 22, 2024 Mahakama Kuu ya Durban ilitupilia mbali kesi hiyo. Mwezi uliofuata chama hicho kipya kilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura, nacho ANC kikaporomoka hadi asilimia 40, na kwa mara ya kwanza tangu 1994 kikapoteza wingi wake bungeni.

Kejeli ya mambo hayo haikujificha. Kwa miaka mingi ANC kilikuwa kikimtumia Mandela kumsafisha Zuma. Sasa Zuma alikuwa akitumia jina la jeshi la Mandela kuiangusha ANC. Ukimfunza mwenzako kuwa jina la shujaa ni ngao ya kujikingia, usishangae akikugeuzia mkuki.

Sheria inaweza kuamua nani ana hati ya kitu na nani alisajili nembo. Haiwezi kuamua nani anastahili. Muungwana ni vitendo, na vitendo havisajiliwi kwa msajili wa alama za biashara.

MANDELA ALIYEACHWA NJE

Hasara kubwa ya biashara hii si fedha zilizopotea. Ni kwamba kila mtumiaji huchukua kipande cha Mandela kinachomfaa na kuacha kingine. Soko lilimchukua babu mwenye tabasamu na shati la maua. Mashirika makubwa yalichukua Siku ya Mandela, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2009, na dakika zake 67 za kujitolea, moja kwa kila mwaka wa utumishi wake. Baadhi hupaka ukuta wa shule rangi, wakapiga picha, wakarudi afisini kabla ya chakula cha mchana.

Aliyeachwa nje ni kamanda wa jeshi la msituni, mtu ambaye jina lake lilibaki katika orodha ya Marekani ya washukiwa wa ugaidi hadi mwaka 2008. Mtu aliyedai ardhi, elimu na nyumba kwa maskini. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2022 iliitaja Afrika Kusini kuwa nchi yenye pengo kubwa zaidi duniani kati ya matajiri na maskini. Kijana asiye na kazi anayeiona sura ya Mandela kwenye mabango ya walewale wanaomdhulumu ana haki ya kuuliza alikombolewa na nini. Wapo wanaosema sasa kwamba mzee huyo aliwauza. Tuhuma hiyo inaweza kujibiwa kwa kusoma historia, lakini huwezi kuijibu kwa chupa ya mvinyo wala bango la kampeni.

Hata hivyo, ipo mifano ya jina hilo kutumiwa ipasavyo. Desemba 2015 Umoja wa Mataifa uliziita kanuni mpya za kuwahudumia wafungwa Kanuni za Mandela, zinazokataza kumfungia mtu peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Johannesburg ina hospitali ya watoto yenye jina lake, iliyofunguliwa Desemba 2016 baada ya michango ya miaka mingi. Arusha, mji ambamo Mandela alisimamia kutiwa sahihi kwa mkataba wa amani wa Burundi Agosti 2000 baada ya kuipokea kazi hiyo kutoka kwa marehemu Nyerere, kuna taasisi ya sayansi na teknolojia iitwayo kwa jina lake. Katika mifano hiyo yote jina halikumpamba aliyelitumia. Lilimtwika wajibu ambao anaweza kuulizwa kama ameutimiza.

KENYA NASI

Wakenya wana sababu ya kulitafakari jambo hili bila kulicheka la jirani. Mandela alipozuru nchi hii Julai 1990, siku chache baada ya ghasia za Saba Saba, aliwashangaza wenyeji wake Kasarani kwa kumtaja Dedan Kimathi na wapiganaji wa Mau Mau kuwa miongoni mwa waliompa moyo alipokuwa kifungoni. Akaulizia mjane wake. Wakati huo Mau Mau lilikuwa bado kundi lililopigwa marufuku kisheria, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi mwaka 2003.

Baadaye mambo yalibadilika. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi Februari 2007, mwaka wa uchaguzi, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake. Kuna chuo kikuu chenye jina lake mjini Nyeri. Hakuna msimu wa siasa unaopita bila mtu kumtaja.

Lakini mjane wake, Mukami, hakuomba sanamu. Kwa miaka mingi aliomba jambo moja tu: mabaki ya mumewe, aliyezikwa na wakoloni katika gereza la Kamiti bila alama, yatafutwe ili azikwe kwa heshima. Serikali moja baada ya nyingine ilimwahidi. Alifariki Mei 2023 bila kuyaona.